Siki, Ndimu na Dawa ya Choo Mbele ya Tangi la Samaki

Mtu yeyote anayefuga samaki wa mapambo kwa maji ya kisima cha pwani anaujua mstari mweupe unaojichora kwenye kioo pale maji yanapoishia. Mwezi wa kwanza ni ukungu tu. Baada ya nusu mwaka umekuwa gamba: dodoki linateleza juu yake, wembe unaanza kukwaruza kioo, na sabuni haifai kabisa kwa sababu mabaki yake huumiza matamvua ya samaki. Ndipo macho yanapogeukia jikoni na chooni. Jikoni kuna siki na ndimu. Chooni kuna ile chupa yenye shingo iliyopinda. Zote ni asidi, zote zinasifika kwa kula chokaa, na swali linalofuata huwa lile lile: je, samaki hawatakufa?

Swali hilo linamshika asiye mwizi. Asidi yenyewe, ikifanya kazi nje ya tangi kisha ikasuuzwa, ina hatari ndogo kuliko karibu kila kitu kinachoizunguka. Madhara hutoka kwingine: kwenye viungo vingine vilivyomo chupani pamoja nayo, kwenye vitu inavyokutana navyo ikishamwagwa, na kwenye kazi ambazo watu huitwika ilhali haiziwezi.

Chanzo cha gamba hilo ni mvua. Maji yanapopita angani na kwenye udongo hubeba hewa ukaa na kuwa asidi hafifu sana. Yakifika kwenye mwamba wa chokaa huuyeyusha taratibu na kuondoka na kalisi ikiwa katika umbo la bikabonati. Kisiwa cha Unguja kwa sehemu kubwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo kiini chake ni chokaa, kwa hiyo maji ya visima vyake ni magumu na birika za nyumbani huvaa utando mweupe kwa ndani. London nako maji mengi hupita kwenye miamba ya chokaa. Nairobi ni kinyume: sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye miteremko ya Aberdare yenye miamba ya volkano, na mfugaji wa huko huenda asielewe wenzake wa pwani wanalalamikia nini. Bonde la Ufa lina kisa chake peke yake. Weupe unaoachwa na maji ya huko mara nyingi ni magadi, yaani chumvi za sodiamu, nazo huyeyuka kwa maji matupu. Kabla ya kununua asidi ya aina yoyote, kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu ni jaribio lisilogharimu kitu.

Maji magumu yakikauka au yakipashwa moto, hewa ukaa hutoka, bikabonati huvunjika, na kalisi kabonati hubaki imeganda pale ilipo. Ndiyo maana hita huvaa gamba mapema kuliko vyombo vingine, ikifuatwa na jiwe la hewa, mdomo wa kichujio na kioo cha kufunikia taa. Asidi huigeuza safari hiyo. Ikigusa kabonati, hewa ukaa hutoka kwa povu na kalisi hurudi majini. Povu hilo ndilo kipimo cha kazi: likikoma na gamba bado lipo, ama asidi imeishiwa nguvu ama gamba lile si chokaa.

Siki nyeupe ya dukani kwa kawaida ni asidi asetiki ya asilimia 5. Lita moja ina gramu 50 za asidi, nazo kwa hesabu ya kikemia hutosha kuyeyusha gramu 40 hivi za chokaa. Gramu 50 za ndimu ya unga, ile wanayoitumia watengeneza achari na sharubati, zikikorogwa kwenye lita moja ya maji hufanya kazi inayokaribia hiyo hiyo, tena bila kuijaza nyumba harufu. Dawa ya choo yenye asidi haidrokloriki ya asilimia 10 huyeyusha zaidi ya gramu 130 kwa lita. Kwa tarakimu hizo tupu, dawa ya choo imeshinda. Lakini ushindi wa nini? Tangi la sebuleni halibebi chokaa ya kiasi hicho. Nguvu ya ziada ikikosa chokaa hugeukia skrubu, nati, simenti ya sakafu na ngozi ya vidole.

Kati ya hizo tatu, ndimu ya unga ndiyo inayostahili kuwekwa kabatini, ingawa nayo ina kasoro yake. Ikikorogwa nzito mno, au ikichemshwa pamoja na chokaa nyingi, huzaa kalisi sitrati, chumvi isiyopenda kuyeyuka, na mwenye kazi hushangaa kuona pampu imetoka nyeupe kuliko ilivyoingia. Dawa yake ni kupunguza ukali, kutumia maji ya uvuguvugu badala ya yanayochemka, na kubadilisha maji hayo yakishachoka. Ndimu mbichi iliyokatwa nusu inafaa kusugulia mstari wa kioo cha tangi tupu. Kulowekea pampu haifai, kwa kuwa huingiza nyama na sukari ya tunda kwenye vijitundu. Siki ya tembo la mnazi ni tamu kwenye kachumbari, ila ina vitu vingi vilivyobaki kutoka kwenye tembo lenyewe, na vitu hivyo ni chakula cha bakteria. Siki nyeupe, isiyo na rangi wala viungo, inatosha.

Kuna asidi nyingine zinazopendekezwa vijiweni ambazo zingefaa kuachwa huko huko. Asidi ya betri ya gari ni salfuriki. Mbali na ukali wake unaochoma ngozi na kupofusha, haifai hata kwa kazi yenyewe: ikikutana na chokaa hutengeneza kalisi salfeti, yaani jasi, ambayo huyeyuka kwa shida na kulifunika gamba lililobaki chini yake. Asidi iliyokwisha kutumika ndani ya betri hubeba pia risasi. Soda nyeusi husifiwa kwa sababu ina asidi fosforiki, na ni kweli huondoa kutu kidogo, lakini fosfeti ni mbolea ya mwani na sukari ni karamu ya bakteria. Mtu huondoa ukoga mmoja akapanda mwingine. Dawa za kuondoa kutu ni hatari zaidi kwa kuwa baadhi yake zina asidi oksaliki, na chache zina haidrofloriki, asidi inayokula kioo chenyewe na kupenya ngozi hadi mifupani. Chupa isiyosema ndani yake mna nini haina nafasi karibu na tangi.

Hapo ndipo kosa kubwa la dawa ya choo linapoonekana. Haidrokloriki tupu, ikishamalizana na chokaa, huacha kalisi kloridi na maji, vitu ambavyo samaki hawana ugomvi navyo kwa kiasi kidogo. Wapo wafugaji wazoefu wa samaki wa baharini wanaosafisha pampu kwa asidi hiyo iliyopunguzwa sana, wakiwa na glavu na miwani, nje kwenye upepo. Lakini dawa ya choo haikutengenezwa iwe asidi tupu. Imewekwa vitu vya kuifanya iwe nzito ili ishike ukutani, vya kuifanya itoe povu la sabuni, rangi ya bluu na manukato ya msonobari. Vitu hivyo havitoki kwa suuzo moja. Hujificha kwenye sponji, kwenye mipira ya kuzibia na ndani ya jiwe la hewa, kisha hutoka polepole siku ambayo samaki wamesharudishwa. Asidi ndiyo inayolaumiwa, na sabuni inapita kimya.

Hatari kubwa kuliko zote haihusu samaki. Mfugaji aliyemaliza kuondoa chokaa hutaka pia kuua vijidudu, na kabatini kuna jiki. Jiki ni haipokloriti ya sodiamu. Ikikutana na asidi yoyote, siki ikiwemo, hutoa gesi ya klorini. Ni gesi ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia upepo karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya pa kuirudia kemia hiyo. Wengi hawachanganyi kwa makusudi. Hunyunyiza jiki kwenye beseni ambalo bado lina siki, au hutumbukiza kichujio kilicholowa ndimu kwenye ndoo ya jiki kwa sababu ndoo ya pili ilikuwa na kazi nyingine. Njia salama ni kuzitenganisha kwa maji mengi, na zaidi ya hapo kwa siku: leo asidi, suuza, kausha, kesho jiki, suuza, kausha. Klorini inayobaki huondolewa na dawa ya kutoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki, na vifaa visivyopasuka wala kupinda kwa joto humaliziwa na jua.

Vipi kuhusu tangi lenyewe? Wasiwasi wa kawaida ni kwamba siki italegeza silikoni inayoshika vioo na maji yatamwagika sebuleni usiku. Wasiwasi huu hauna msingi. Silikoni inayotumika sana kuunganisha matangi hutoa asidi asetiki inapokauka. Harufu kali anayoisikia fundi akiwa kazini ni harufu ya siki. Kitu kilichozaliwa ndani ya mvuke wa siki hakitavunjwa na kitambaa chenye siki. Adui wa silikoni ni wembe unaopita kwenye kona. Kioo nacho hakiguswi na siki, ndimu wala haidrokloriki.

Akriliki huvumilia siki iliyopunguzwa, ila huchukia dawa za kusafishia madirisha zenye amonia au spiriti, ambazo huitia nyufa ndogondogo, na huchukia zaidi kitambaa kigumu. Tangi kubwa la Dubai Mall, lenye maji lita milioni 10, lina paneli ya akriliki yenye unene wa sentimita 75, na unene wote huo hauuzuii uso wake kuchubuka kama wa tangi la lita 50. Chuma cha pua hustahimili siki kwa saa chache, lakini kloridi iliyomo kwenye haidrokloriki hukichimba vishimo. Zinki na shaba zisiguswe na asidi kabisa. Hizo huyeyuka na kuingia majini, na shaba, hata ikiwa kidogo sana, huua konokono na kamba.

Wapo wanaouliza kama haiwezekani kuimwaga siki ndani ya tangi lenye samaki, ikala gamba polepole bila usumbufu wa kuhamisha kitu. Hapa hesabu inasaidia kuliko maonyo. Tuseme tangi ni la lita 100, maji ni magumu, na mtu amemimina nusu lita ya siki. Gramu 25 za asidi zitaingia, na kabla ya kuligusa gamba zitakutana na bikabonati iliyoyeyuka majini, hiyo ambayo huzuia pH isiyumbe. Zitamaliza bikabonati ya nyuzi 11 hivi kwa kipimo cha Kijerumani wanachotumia wafugaji, yaani karibu yote iliyomo katika maji mengi ya bomba. Papo hapo itatoka hewa ukaa ya miligramu 180 kwa lita. Wafugaji wa mimea ya majini huanza kuhofia samaki wao ikipita 30. Samaki watapanda juu wakitweta, na gamba la kwenye kioo litakuwa halijapungua hata kidogo.

Kisha kuna jambo ambalo maelezo mengi ya mitaani hulipita. Asetiki ni chakula. Bakteria huila, na kuila kunahitaji oksijeni. Hata vijiko viwili vya chai vya siki vilivyosahaulika ndani ya kichujio, mililita 10, vina nusu gramu ya asidi ambayo ikiliwa yote itadai oksijeni ya nusu gramu. Maji yote ya tangi la lita 100, kwa joto la nyuzi 26, hayabebi oksijeni inayozidi gramu 0.8 au hivi. Pampu ya hewa hurudisha inayotumika, na si yote huliwa siku moja, kwa hiyo vijiko viwili havileti msiba. Lakini yale maji ya maziwa yanayotokea siku mbili baada ya usafi, huku pH ikiwa sawa kabisa, yanaelezeka hapa: bakteria wameandaliwa meza. Wafugaji wa matumbawe huitumia tabia hiyo kwa makusudi, wakidondosha siki kwa vipimo vidogo mno ili bakteria waongezeke na kuinyonya naitreti. Kwao siki ni dawa yenye kipimo, na kipimo kikizidi wanajua kitakachofuata.

Kujaribu kurekebisha kosa huwa na hatari kuliko kosa lenyewe. Tangi lililozembewa huwa na amonia iliyolundikana. Maji yakiwa na pH 7 au chini yake, karibu yote iko katika umbo la amonia lisilo kali. Kwa joto la nyuzi 25 na pH 9, zaidi ya theluthi huwa sumu kamili. Mtu aliyemwaga siki, akaona pH imeanguka, kisha akatupia magadi kwa haraka ili aipandishe, anaweza kuwaua samaki ambao asidi ilikuwa haijawaua. Samaki wachache tu wangemcheka. Perege mdogo wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, huishi kwenye maji ya pH 10 hivi na ameepuka tatizo hilo kwa kutoa uchafu wake kama urea badala ya amonia. Wengine hawana ufundi huo. Maji mapya yanayofanana na yale ya zamani, yakiongezwa kwa awamu, ndiyo marekebisho yasiyo na mtego.

Kazi nyingine inayotwikwa asidi ni ya kuua magonjwa. Siki hudhoofisha vijidudu kadhaa, lakini kuitegemea kusafisha tangi ambalo samaki wamekufa kwa ugonjwa ni kubahatisha. Hiyo ni kazi ya jiki iliyopunguzwa na ya ukavu wa muda mrefu. Ikumbukwe pia kwamba matangi huweza kuwa na Mycobacterium marinum, bakteria anayeingia kwenye michubuko ya mikono na kuacha vinundu vinavyochukua miezi kupona. Glavu zinamkinga mwenye tangi dhidi ya tangi kama zinavyomkinga dhidi ya asidi.

Wala asidi si dawa ya kila ukoga. Utando wa kahawia unaotokea kwenye matangi mapya ni diatomu, viumbe wenye maganda ya silika, na silika haiogopi siki; kitambaa laini huufuta kwa sekunde. Mwani wa kijani hutaka kukwanguliwa, kupunguziwa mwanga, au kuliwa. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington aliieleza Jumuiya ya Kemia ya London jinsi alivyoweka samaki, mimea na konokono katika chombo kimoja vikategemeana: mimea ilitoa oksijeni, konokono walikula majani yaliyooza na uchafu wa kijani. Mkemia yule, ambaye makabati yake hayakukosa asidi, aliwaachia konokono usafi. Na ganda la konokono ni chokaa ile ile ya gamba la kioo. Asidi inayomwagwa ndani ya tangi haichagui.

Hilo ndilo la kuangalia kabla ya kuloweka mapambo. Kauri waliookotwa ufukweni hupoteza mng'ao wao ndani ya siki na haurudi. Tumbawe hutoboka, marumaru hubaki na mabaka. Kwa upande mwingine, tabia hiyo hiyo ni kipimo kizuri cha mawe: tone la siki likitoa povu juu ya jiwe, jiwe hilo lina chokaa na litayafanya maji kuwa magumu zaidi. Wanajiolojia hufanya hivyo kwa haidrokloriki iliyopunguzwa, yenye macho makali zaidi kuliko siki.

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa haina makuu. Hita huzimwa na kuachwa ipoe kabla ya kutolewa majini, maana ikitolewa ya moto huweza kupasuka, na waya na plagi yake hubaki nje ya beseni. Pampu hufunguliwa, rota hutolewa, na sehemu za kulowekwa hukaa kwenye siki au maji ya ndimu ya unga kuanzia nusu saa hadi usiku mzima, kulingana na unene wa gamba. Mswaki wa zamani humalizia. Sponji na vijiwe vya kichujio visiingie humo: ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, nao husuuzwa kwa maji yaliyotolewa tangini tu. Mstari wa kioo cha tangi lenye samaki hushughulikiwa kwa kushusha maji vidole vinne, kubandika karatasi laini iliyolowa siki bila kudondosha, kusubiri, kufuta, kisha kufuta tena kwa maji.

Gamba hupunguzwa pia kabla halijazaliwa. Maji yanayokauka huondoka peke yake na kuacha kalisi nyuma, hivyo anayefidia kwa maji ya kisima kila juma huongeza chokaa juu ya chokaa. Kufidia kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi huuvunja mzunguko huo, na kifuniko hupunguza kukauka. Lakini kuna samaki wasiotaka maji hayo yalainishwe. Wale wa Ziwa Tanganyika, ambao wafanyabiashara wa Bujumbura na Kigoma wamekuwa wakiwasafirisha nje, wamezoea pH ya 8.6 hadi 9.2 na bikabonati ya kutosha. Mmoja wao, Neolamprologus brichardi, amepewa jina la Mbelgiji Pierre Brichard aliyeendesha biashara hiyo Burundi. Mfugaji wa samaki hao hawezi kulikimbia gamba bila kuwakimbia samaki wenyewe, na wengi huishia kununua rota ya pili, ili moja ikiwa inazunguka, nyingine iko kwenye bilauri ya ndimu.